Nikiri Wokovu Nisio Nao Ndipo Nipewe Darasa?

Bwana Mhariri, jina langu lifiche kabisa, maana baba yangu ni mzee wa kanisa na watu wa mtaa wetu wa Bondeni hawakosi maneno.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini, naishi na wazazi hapa Nakuru, baba akifanya kazi relini. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane. Mwanzo tulikuwa na mwalimu hodari wa hesabu, mkali kama pilipili. Alipooa mke wa pili, Mzungu wa misheni akamfukuza. Sikatai, sheria ya kanisa ni sheria. Lakini aliyeletwa badala yake alikuwa kijana asiye na cheti ila ushuhuda wake. Akikwama kwenye hesabu alifunga kitabu, akatupigisha magoti tuombe hekima. Ukimuuliza swali, aliambia darasa una roho ya ubishi. Nami niliomba, ndugu zangu, niliomba kwa machozi. Mtihani ulipokuja hakufaulu hata mmoja wetu, na yeye akasimama mbele yetu akasema imani yetu ilikuwa ndogo.

Tangu siku hiyo sina imani, kubwa wala ndogo. Wavulana niliosoma nao hawakanyagi kanisani, wanashinda wakicheza karata nyuma ya nyumba za reli. Na kila Jumapili tunahubiriwa kwamba elimu ndiyo iliyowaharibu vijana. Elimu ipi hiyo? Maneno hayo yananichoma moyo.

Sasa shule ile ile inatafuta mwalimu wa darasa la tatu, na wazee wamenichagua mimi. Hawakuniuliza kama najua kugawanya. Wanachotaka ni nisimame kanisani Jumapili ya mwisho wa mwezi, niseme nimeokoka. Mdogo wangu wa kike yuko darasa hilo, na mpaka leo anahesabu kwa vidole.

Nilimwendea baba, nikamwambia kweli yote, kwamba siamini tena. Nilingojea kofi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akituchapa tukisinzia wakati wa sala. Hakukasirika hata kidogo. Aliendelea kupiga viatu vyake rangi, kisha akasema, “Mama, nani amekuuliza kama unaamini? Wewe simama useme. Hata sisi tulisema tu.”

Afadhali angenipiga. Miaka yote hiyo nilidhani nyumbani kwetu mwenye shaka ni mimi peke yangu.

Nikikataa, baba ataaibika, mimi nitakwenda kuwa yaya kwa Mzungu shambani, na watoto watapewa mwalimu mwingine kama yule wetu. Nikikubali, hesabu alizotufunza yule mwalimu wa kwanza nitawafundisha sawasawa, lakini nitakuwa nimeingia darasani kwa uongo.

Nishaurini, wasomaji, nisimame ama nikae? Mdogo wangu atakuwa ameketi mbele kabisa na mama, na yeye bado anaamini kila neno ninalomwambia.