Godoro la Meli ya Utafiti

Tulikuwepo mimi, mdogo wangu Wambui, na afisa aliyekuja karakana yetu ya Makongeni kukagua sampuli. Serikali inanunua meli ya kuchunguza samaki, nasi tuliomba zabuni ya magodoro, kazi ambayo ingempeleka Wambui chuoni.

Kabla afisa hajaja, Wambui alinisomea vipimo vya godoro: upana sentimita sabini. Sijawahi kuona bahari, nikajiuliza mtu hulalaje hapo mawimbi yakimrusha. Tangu tufiwe na wazazi, sisi ndugu wanne tumelala kitanda kimoja.

“Karani amekosea,” nikasema, nikalipanua godoro maradufu.

“Brathe, fuata karatasi!”

“Magodoro nayajua kuliko shule yako.”

Afisa alipima mara mbili. “Fundi, kitanda cha melini hufanywa chembamba ili baharia asibiringike. Huyu wako atalala na nani?”

Zabuni ikatuponyoka. Wambui hakucheka, nami bado sijamwomba msamaha.