Pijo la Mirathi

Mwaka tuliomzika baba, ndugu yangu mkubwa alilitazama gari la marehemu, akalipiga gurudumu teke na kusema, "Chuma hiki mpe muuza vyuma." Kisha akarudi zake Uarabuni kazini. Mimi nilisikia, dada yetu alisikia, na mama alikuwa dirishani. Nataka hilo lijulikane kabla sijasema mengine.

Lilikuwa Pijo la zamani, limekaa bandani nyuma ya nyumba yetu Timbwani tangu injini iliposhika ikakataa kuzunguka. Kuku walitagia kiti cha nyuma. Wala sikulitamani. Nilikuwa fundi wa pampu kiwandani Changamwe, na vyuma vya kazini vilinitosha. Lakini mama alianza kuvimba miguu. Daktari wake alikuwa ng'ambo, kisiwani, na kila siku ya kliniki ilibidi ateremke kwenye feri kwa miguu katikati ya watu wenye haraka zao, huku buibui lake likikanyagwa. Siku moja akaanguka. Mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwamkia shikamoo, yuko chini kwenye lami, kiatu huku na mtandio kule, na watu wanamruka. Nikasema basi, imetosha.

Niliifungua injini mwenyewe, kila nilipotoka kazini na kila Jumapili. Vipande nilivilaza juu ya gunia, kimoja baada ya kingine kama vilivyotoka, nikaviosha kwa mafuta ya taa mpaka ngozi ya vidole ikababuka. Pistoni zilikuwa zimeng'ang'ania ndani ya silinda kwa kutu. Nilizimwagia mafuta, nikangoja, nikazigonga kwa kipande cha mti, nikangoja tena. Kranki niliipeleka kwa fundi wa kukereza. Ringi, beringi na gasketi nilinunua kidogo kidogo, na miezi mingine mshahara ulipitia mfukoni kwangu kunisalimu tu. Valvu nilizisugua kwa mkono mpaka zikakaa mahali pake bila kupitisha hata tone. Kwa hilo nitajisifu, maana hakuna aliyenisifu.

Mama alikuwa akiniletea kahawa bandani, anasimama akishika nguzo.

"Mwanangu, umemuuliza nduguyo?"

"Si alisema ni chuma, mama?"

"Alisema kwa uchungu. Hiyo si hiba, hajakupa."

Nilicheka. Mama alikuwa hivyo siku zote. Kuku wa jirani akitagia kwetu, yai alilifunga kwenye pindo la leso akalirudisha kwa mwenyewe. Nilidhani ni maneno ya kizee tu, yatapita.

Injini iliwaka mwishoni mwa Ramadhani. Ilinguruma taratibu, haigongi, haitoi moshi. Dada yangu alipiga vigelegele, na mama akafunika uso kwa mtandio akilia, na mimi nilifurahi kuliko siku yangu ya harusi, Mungu anisamehe. Kliniki ilikuwa baada ya Idi.

Kabla ya Idi ndugu yangu alikuja likizo. Alilizunguka gari, akafungua boneti, akapitisha kidole juu ya injini, akakitazama kama kina uchafu.

"Mashallah. Gari la marehemu limefufuka. Sasa tuliuze, kila mtu apate haki yake. Mama thumni yake ya mjane, na sisi mafungu yetu."

"Wewe uliliita chuma."

"Nililiita chuma. Lakini nilikupa?"

"Na injini?"

"Injini imo ndani ya gari la nani?"

Dada yetu akasema yeye ameridhia, fungu lake apewe mama. Nikamwambia ndugu yangu, basi angalau mama aende nalo kliniki mpaka lipate mnunuzi. Akakataa. Likigongwa je? Kwa wiki zile sikuweza kumtazama akila.

Asubuhi ya kliniki niliweka mto kwenye kiti cha mbele, nikalisogeza gari mpaka mlangoni, nikafungua mlango wake. Mama akatoka na buibui lake, ameegemea bega la dada. Ndugu yangu alikuwa bado amelala.

"Ingia, mama."

"La, mwanangu. Humo mna haki ya mtu ambaye hajaridhia. Siketi juu ya haki ya mtu."

"Mtu huyo ni mwanao!"

"Ni mwanangu, kama wewe ulivyo mwanangu. Niwate nende."

Nilimpandishia sauti mama yangu mbele ya majirani. Nikamwambia, nimechubuka mikono kwa ajili yako, naye aliyelala ndani ndiye unayemchungia haki yake. Mama alipita mbele ya ule mlango wazi, akaenda. Hadi leo sijui kama nilimkasirikia zaidi yeye au ndugu yangu. Najua tu kwamba nilikasirika, na kwamba hasira ile haijazeeka.

Nikawafuata na gari polepole, gia ya kwanza, mlango umefunguliwa upande wake. Watoto walicheka. Mzee mmoja alinikemea, akidhani namfukuza mama yangu nyumbani. Kila mama aliposimama kupumua nilisimama, na kila nilipomwita alianza kutembea.

Kwenye feri askari akanielekeza kwenye foleni ya magari. Wa miguu walikuwa wamekwisha kufunguliwa lango. Nilimwona mama akiteremka hatua kwa hatua, mkono mmoja kwa dada, mwingine umekamata reli, na watu wakimpita pande zote. Dada aligeuka mara moja kunitazama. Mama hakugeuka. Feri ikaondoka nao.

Nilibaki na kiti kitupu chenye mto. Dereva wa nyuma akanipigia honi nisogee mbele. Nikakanyaga mafuta, na injini ikaitika papo hapo, bila hata kukohoa.