Nilivyoacha kichwa cha sato Mkuyuni

Bado nausikia mlio wa kile kiti cha plastiki kikiburutwa kwenye sementi.

Ni siku yangu ya tatu Mwanza. Nilitoka Nakuru peke yangu, nikijiambia napenda upweke. Lakini tangu nifike sijaongea na mtu zaidi ya kuuliza bei, na asubuhi nilikuwa nimeamua kurudi kesho.

Mchana nikaenda kula samaki aina ya sato kwa mama mmoja muuza chakula Mkuyuni. Nikamla vizuri, nikaacha kichwa.

Mama akaja kutoa sahani, akasimama.

"Binti, kichwa unamwachia nani?"

"Nimeshiba, shikamoo." (Ndiyo, nilichanganyikiwa kiasi hicho.)

"Marahaba. Hujashiba, hujui kula."

Akavuta kiti, akakaa mbele yangu. Akakipasua kichwa kwa vidole, akaniwekea nyama ya shavu juu ya ugali.

"Kwenu hakuna mama wa kukufundisha?"

"Yupo," nikasema, na machozi yakanitoka. Mbele ya watu!

Akawageukia wa meza ya pili, waliokuwa wakinitazama: "Pilipili hiyo. Kuleni."

Jamani, ni mimi tu huwa naacha kichwa?

Nimeshampigia mama yangu. Nimemwambia kesho sirudi.