Baba na Nyumba Iliyotulia

Baba yetu alikuwa msimamizi wa shamba la mahindi na ng'ombe wa maziwa huko Endebess, nje ya Kitale. Sisi watoto tuliishi na mama Bungoma, naye baba alikuja kila Jumamosi. Tukisikia lango tu, runinga inazimwa, miguu inashuka kwenye viti, na nyumba inakuwa kama imefunikwa blanketi. Baba aliupenda ukimya huo. Akiwa na wageni alijisifu: "Kwangu hakuna kelele. Nyumba imetulia." Mama aliendelea kusonga ugali wake. Yeye aliona nyumba isiyo na kelele ni nyumba inayoumwa, ila kati yao hakuna aliyemwambia mwenzake.

Jumatano moja baba alipata lifti ya ghafla, akaja bila kupiga simu. Mvua ilikuwa imekatika, mvuke unapanda polepole kwenye migomba, na jioni nzima ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tulikuwa sebuleni tunapukuchua mahindi. Dada yangu alikuwa akimwigiza mwalimu wa kwaya, nasi tunacheka hadi tunaangukia magunzi. Nikainua macho, nikamwona baba dirishani. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Alikuwa anatabasamu kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Alipoingia, kicheko kikakatika.

"Endeleeni," alisema.

Tungeendeleaje? Tulipukuchua kimya. Akaenda jikoni kwa mama, na mlango ulikuwa wazi.

"Hawa watoto hucheka hivi kila siku?"

"Kila siku."

"Mbona mimi sijawahi sikia?"

"Ukikuja wanakuogopa, baba watoto."

Nilimhurumia baba yangu.

Jumamosi iliyofuata, chakula kikiwa mezani, alikohoa akasema ana kisa. Ng'ombe mmoja wa shambani alikuwa amemfuata mkamuaji hadi kanisani. Lakini baba alikianza kisa ng'ombe akiwa tayari kanisani, akarudi zizini, akamsahau mkamuaji, akaanza upya. Jasho lilimtoka. Sisi tulitazama sahani zetu. Hakuna aliyejua kama tumeruhusiwa kucheka.

Mama ndiye aliyeshindwa kujizuia. "Wewe bana, kisa cha ng'ombe kinakushinda hivi?"

Baba akamtazama. Mabega yakaanza kutikisika, kikamtoka kicheko chembamba, cha juu, karibu cha kitoto. Sote tuligeuka kumtazama. Nilikuwa gredi ya saba, na ndiyo mara ya kwanza nilimsikia baba yangu akicheka.