Barafu ya Mume Wangu

Mume wangu ni mchuuzi wa pweza, na kwa habari ya barafu hakubali kufundishwa na mtu. Kwa hiyo ilipoamuliwa kwamba damu yangu ipelekwe Dar es Salaam kupimwa, alilibeba boksi mwenyewe mpaka uwanja wa ndege wa kisiwa chetu, hapo Kilindoni.

Nilikuwa nakojoa damu. Huku kwetu mtu akikojoa damu hapana mjadala, ni kichocho, anapewa vidonge na yamekwisha. Nilivimeza, hayakwisha. Ikafuata damu ya pua, magoti yakauma, miguuni pakatoka madoa mekundu. Majirani hapa Miburani wakasema ni mwani umenichoma. Mwani! Mimi kulima mwani nimeacha tangu nilipoolewa.

Daktari hakucheka. Alisema huenda kingamwili, wale walinzi wa mwili, wamenigeuka na wanashambulia mishipa yangu midogo ya damu, hata ile ya figo. Kipimo kingewatafuta ndani ya damu. Dawa yenyewe ni kali, hakutaka kunipa kwa kubahatisha.

"Ila tusichelewe," alisema. "Figo hazisubiri."

Basi usingizi ukanihama. Kila nikienda chooni naogopa kutazama, na nisipotazama naogopa zaidi.

Badala ya majibu tukaitwa hospitali. Damu ilifika imeganda kwa baridi kama jiwe, haipimiki, itolewe nyingine.

Mume wangu akainamisha kichwa. Kumbe kule uwanjani alilifungua boksi, akakuta vipande viwili tu vya barafu vimeviringishiwa kitambaa. Akaona damu itaharibika njiani. Akanunua barafu, akaiponda, akatia chumvi ya kutosha ili baridi izidi, akashindilia, vilevile anavyofunga pweza wa safari.

"Niliona wameidharau damu yako, mke wangu," alisema.

"Mimi si pweza!" nilimfokea mbele ya watu. Kisha nikalia, maana nilikuwa naogopa kufa na yeye ndiye aliyekuwa karibu.

Damu ya pili aliipakata kwenye bodaboda, mfuniko hakuugusa. Tukangoja tena. Alikuwa akinikorogea uji asubuhi na kuniuliza, kwa sauti ndogo, mkojo umetoka rangi gani.

Majibu yalikuja. Kingamwili wale wameonekana, ugonjwa ni wa mishipa ya damu kama alivyodhani daktari. Nikaanzishiwa dawa palepale. Figo zilikuwa zimeumia, alisema, lakini bado zinafanya kazi, alhamdulillahi.

Mume wangu hakuinuka kitini.

"Daktari, zile siku za barafu yangu, ndizo zilizoziumiza?"

Daktari akasema hilo halina kipimo.

Sasa ninaendelea vizuri. Lakini mpaka leo akiwa anafunga pweza wake, huacha barafu ikiyeyuka, akaja jikoni kuniuliza mkojo umetoka rangi gani.