Antena Zilizoangalia Uganda

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Mafundi alinitazama miguu kabla ya uso. "Dada, hapa tunapanda minara. Umekuja na sketi?" Nikamwambia suruali iko mkobani. Nikabadilisha, nikapanda. Kila nilichopata baadaye katika utangazaji nilikipata kwa kubishana.

Miaka ya tisini ilinikuta Busia, mpakani na Uganda, nikishughulikia malalamiko ya upokeaji wa matangazo. Nyinyi mmezoea dijitali: picha ni safi au hakuna kabisa. Yetu ilikuwa analogi. Picha ilibebwa kwa kupandisha na kushusha nguvu ya wimbi, hivyo radi au injini ya lori iliingia kwenye skrini kama chenga. Sauti ilibebwa kwa kubadilisha kasi ya mtetemo, ikastahimili zaidi. Ndiyo maana Malaba, mji mwingine wa mpakani, ungeisikia taarifa ya habari bila kumwona msomaji. Mawimbi yetu yalitoka mbali, yakafika yamechoka. Ya Uganda yalikuwa jirani, na watu wakaelekeza antena huko.

D.O., ofisa wa serikali pale, akaniita. "Fundi, zunguka mtaa wa Burumba na askari. Kila antena inayoangalia ng'ambo, igeuze. Hawa ni Wakenya."

Nilikwenda. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mama Nekesa, muuza dagaa wa omena, aliyetengeneza antena yake kwa vifuniko vya sufuria. Aliukumbatia mlingoti.

"Mkigeuza nitaona chenga tu. Sasa hiyo chenga ndiyo Kenya?"

Askari walicheka. Mimi niliona aibu. Nikarudisha spana mkobani, nikaenda moja kwa moja kwa D.O.

"Sigeuzi, bwana. Hawajaikataa Kenya, ni Kenya haijawafikia. Leteni mtambo wa kurudia matangazo hapa, watageuza wenyewe."

"Unafanya siasa?"

"Nafanya kazi yangu."

Nje, Mkuu wa Mafundi alinivuta kando. "Sema tu umegeuza, mama. Nani atapanda paa kuangalia?"

Nilikataa hilo pia. Uongo ungewaacha watu wale wakiogopa kila buti lililopita mlangoni.

Nikahamishiwa stoo ya vipuri, mbali sana, kugawa waya. Mume wangu alilea watoto peke yake. Mama yangu alizikwa kijijini kwetu Angurai nikiwa bado naomba ruhusa ya kusafiri. Fundi mwingine alitumwa Burumba, akageuza, na alipoondoka watu wakarudisha. Amri ikafa kimyakimya, lakini mimi nilibaki stoo.

Kwenye hafla ya kuniaga nilipostaafu, mkurugenzi aliniomba niseme ninajutia yale ya Busia, tuachane kwa amani. Nilisimama, nikasema sijutii, nikaketi kumaliza kuku wangu.

Sasa naishi Amagoro, karibu na Malaba. Mafundi vijana huja kuniuliza kuhusu modulesheni, yaani namna ya kupakia habari juu ya wimbi: wachague ile inayobana chaneli nyingi lakini inadai mawimbi yenye nguvu, au ile ya chaneli chache inayovumilia hadi pembezoni? Nawauliza kama wameingia nyumba yoyote Angurai wakatazama skrini. Wakisema bado, nawaonyesha barabara ya kwenda huko.