Kiti Kimoja cha Kwenda Pipeline

Juzi treni ya jioni ilitushusha Makadara, nikawahi kupanda matatu ya kwenda mtaa wa Pipeline. "Kiti kimoja! Mmoja twende!" kondakta alipaza sauti akigonga bodi ya gari. Hila hiyo tunaijua: nusu ya waliokaa ndani si abiria, ni vijana wa steji, pale kituoni, waliowekwa kujaza viti. Abiria akiingia, mmoja wao anachomoka, na kiti kinabaki kilekile kimoja.

Akapanda mama mmoja kutoka soko la Gikomba, akakaa karibu na mlango na kuliangusha gunia lake la mitumba kwenye njia kati ya viti, likaziba mlango.

Mmoja wa vijana wale akainuka. "Mathe, nipishe nishuke."

"Unashuka wapi na hatujaondoka?"

"Kuna kitu nimesahau."

"Utakikuta kesho." Akamgeukia kondakta, akapigapiga kiti chake. "Ulisema kimoja. Nimekikalia. Twende!"

"Twende!" tukaitikia sote, tukikanyaga sakafu kwa vishindo, mpaka dereva akawasha injini. Vijana wakabaki vitini, mikono kifuani.

Hakuna watu waliokalia magari ya Pipeline mara nyingi kuliko vijana wale. Siku hiyo, hatimaye, walifika Pipeline.